Mlango wa Nyota na Reli Uko Mikononi Mwenu: Barua ya Wazi Kutoka Tanga

Kwa Waziri mwenye dhamana ya mawasiliano na teknolojia ya habari,
Kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA),
Kwa Mamlaka ya Serikali Mtandao,
Nakala kwa Halmashauri ya Jiji la Tanga.

Waheshimiwa,

Shikamooni. Mimi ni fundi simu hapa Ngamiani, na jioni nafundisha vijana kuunda programu. Kazi hizi mbili zinanikutanisha na watu wa aina mbili, na nadhani ninyi mara nyingi mnakutana na wa aina moja tu. Kijana mwenye laptopu na ndoto ya programu itakayotumiwa nchi nzima mnamwona, kwa sababu anakuja kwenye maonyesho na mashindano ya ubunifu, anapiga picha na viongozi, anapewa cheti. Mama muuza samaki mwenye kitochi, simu ndogo ya vibonye, kilichofungwa raba hamumwoni. Maonyesho si ya kwake, na siku ya maonyesho yeye yuko sokoni.

Nawaandikia kuomba jambo moja lenye pande mbili. Wafungulieni waunda programu wadogo menyu za nyota na reli (USSD), zile za namba zinazoanza na * na kuishia na #, kwa masharti na bei ambazo kijana wa Makorora anaweza kuzibeba. Na msikubali huduma yoyote ya umma izinduliwe kwa programu ya simu janja bila menyu ya nyota na reli kuwa tayari siku hiyohiyo.

Naliomba kwenu, siliombi kwa Google wala Apple, kwa sababu ya jinsi simu ya mkononi ilivyokua tangu mwanzo. Kila hatua ya ukuaji wake ilikuja na mlango mpya wa programu, na kila mlango ulikuwa na mwenye ufunguo. Karibu wote wenye funguo wako mbali na sisi. Nyota na reli, pamoja na namba fupi za meseji, ndizo pekee ambazo ufunguo wake uko Tanzania, na mnaushika ninyi.

Mwanzo haukuwa na mlango wowote, maana hakukuwa na programu. Tarehe 3 Aprili 1973 Martin Cooper wa Motorola alisimama barabarani New York akapiga simu ya kwanza ya mkononi. Ilichukua miaka 10 hadi kifaa hicho kiingie sokoni kama DynaTAC, kwa dola 3,995, na kazi yake ilikuwa kuongea tu. Kwetu Mobitel ilianza 1994, Vodacom ikaja mwaka 2000, na miaka ile mwenye simu mtaani alijulikana kwa jina. Ilipofika Nokia 1100 mwaka 2003, yenye tochi kichwani na betri isiyojua kuchoka, simu ikawa ya watu. Zimeuzwa zaidi ya milioni 250 duniani, na baadhi yake bado zinaletwa kwangu kubadilishwa maiki. Mchezo wa nyoka ulikuwa ndani yake tangu kiwandani. Huwezi kuutoa, huwezi kuongeza mwingine. Mwenye simu alikuwa mpokeaji, basi.

Halafu ikaja Java ya simu, na hapa nawaomba mnivumilie kidogo kwa sababu vijana wangu hawaamini ninapowaeleza. Kuanzia mwaka 2000 hivi simu za kawaida zilianza kukubali programu ndogo zilizoandikwa na mtu yeyote. Faili moja dogo, unalirusha kwa infraredi, baadaye kwa bluetooth, kutoka simu hadi simu, na hakuna aliyeuliza kitambulisho cha mwandishi. Tatizo lilikuwa kwamba kila simu ilikuwa na kioo chake na tabia zake: mchezo uliokaa vizuri kwenye Nokia ulikatwa kichwa kwenye Motorola. Mwandishi alilazimika kuandika kazi ileile mara nyingi. Uhuru ulikuwepo, ila uligharimu jasho.

Mwaka 2007 iPhone ikaingia. Wengi wamesahau kwamba Steve Jobs mwanzoni aliwaambia waunda programu wa nje waandike kurasa za kivinjari tu, wasiguse simu yenyewe. Mwaka uliofuata akageuka: Julai 2008 Apple ikafungua duka lake likiwa na programu kama 500, na kila programu iliyouzwa humo iliwaachia wao asilimia 30. Tangu hapo mlango ukahamia California. Anayetaka kuuza humo analipa dola 99 kila mwaka, na kazi yake inakaguliwa na watu asiowajua, kwa sheria wanazozibadilisha wenyewe.

Android, ambayo kampuni yake ilinunuliwa na Google mwaka 2005 na simu yake ya kwanza ikatoka 2008, ilikuwa na mkono laini zaidi. Ada ni dola 25 mara moja tu. Na ukikosa hata hizo, faili la programu lilipitishwa mkononi, dukani, kwa kadi ya memori au kwa Xender. Ndiyo iliyotufikia sisi. Tecno, itel na Infinix, zote za kampuni moja ya Shenzhen iitwayo Transsion, zimejaa kwenye makabati ya Ngamiani kwa sababu ya Android hii. Sijidai kuikosoa, imenilisha.

Lakini ufunguo unazidi kukaza. Tangu Novemba 2023, anayefungua akaunti mpya ya mtu binafsi kwenye duka la Google lazima kwanza apate watu wa kuijaribu programu yake kwa siku 14 mfululizo. Walianza kwa kudai watu 20, baadaye wakashusha hadi 12. Mkazi wa mji mkubwa anaweza kucheka. Mwambieni kijana wa Kigombe akusanye watu 12 wenye simu janja, akaunti ya Google, na bando lisilokatika wiki mbili. Mwezi Agosti 2025 Google ikatangaza tena kwamba mwandishi atapaswa kuthibitisha utambulisho wake kwao hata kama programu haipitii duka lao, kuanzia nchi 4 mwezi Septemba 2026, kisha kwingineko kuanzia 2027. Wana sababu zao, na utapeli ni kweli upo. Ila lile faili la kupeana mkononi linaelekea kuwa historia.

Na zana nazo hazisubiri mtu. Walioanza kuandika programu za iPhone kwa lugha ya Objective-C wakaambiwa Swift mwaka 2014. Walioanza za Android kwa lugha ya Java wakaambiwa Kotlin. React Native ikaja 2015, Flutter ikakomaa mwishoni mwa 2018, na kila moja ikaahidi kwamba sasa utaandika mara moja tu kwa simu zote. Android Studio, zana ya kuundia programu za Android, inadai kompyuta yenye angalau GB 8 za RAM. Wanafunzi wangu wengi wana laptopu za mtumba za GB 4. Wanaiwasha, wanakwenda kuswali Magharibi, wakirudi bado inajipanga. Wapo wanaoandika msimbo kwenye simu yenyewe, kwa dole gumba, na nawavulia kofia.

Kuna jambo jingine ambalo fundi analiona kuliko mtu wa ofisini: majukwaa yanakufa. Symbian, mfumo uliokuwa kwenye Nokia za bei, imekufa. Nokia yenyewe iliuza kitengo chake cha simu kwa Microsoft mwaka 2014, na hadi mwanzoni mwa 2020 Windows ya simu nayo ilikuwa imezikwa. BlackBerry za zamani zilizimiwa huduma tarehe 4 Januari 2022. Hata WhatsApp, ambayo hapa mjini ni ofisi, soko na baraza la ukoo, tangu Januari 2025 haifanyi kazi kwenye Android iliyo chini ya toleo la 5. Simu ni nzima, kioo hakijapasuka, lakini mlango umefungwa.

Nyota na reli ndiyo iliyobaki muda wote huo.

Ninyi mnaijua kwa kanuni zake. Acheni niieleze kama tunavyoishi nayo. Mtu anapobonyeza *150*00#, simu yake haifungui programu yoyote. Inapeleka tarakimu kwenye mtandao, mtandao unazipeleka kwenye seva, yaani kompyuta ya mtoa huduma, seva inarudisha maandishi yasiyozidi herufi 182, na mazungumzo yanaendelea papo hapo hadi mmoja akate. Haihitaji bando. Haihitaji nafasi kwenye memori, jambo ambalo nusu ya wateja wangu wangelishukuru. Haiulizi toleo la Android. Programu nzima inakaa kwenye seva, kwa hiyo mwandishi akiongeza kipengele leo asubuhi, mchana huu kitochi cha mwaka 2003 kina huduma mpya. Ukiacha namba fupi za meseji, hakuna mlango mwingine wa programu wenye sifa hiyo. Apple haiwezi. Google haiwezi.

Na Tanzania imejengwa juu yake. M-Pesa ilipofika hapa Aprili 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya, haikukaa kwenye menyu iliyohifadhiwa ndani ya kadi ya laini kama ya wenzetu wa Mombasa. Ilikaa kwenye nyota na reli, na wengine waliofuata nao wakapita njia hiyo. Mwaka 2014 mitandao ya simu iliyo hasimu ilianza kutumiana pesa moja kwa moja, tukiwa miongoni mwa wa kwanza duniani, na 2016 mtandao mwingine mkubwa ukajiunga. Tangu 2017 malipo ya serikali yamekuwa yakihamia kwenye namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ambayo kila mtu anaiita kontroo namba, na bibi wa Pongwe analipa kwa kitochi chake bila kumwomba mjukuu. Umeme wa Luku hivyo hivyo. Kwa haya naomba nitoe pongezi bila kuweka chumvi: mlichagua njia ambayo kila simu inapita.

Kwa nini sasa huduma mpya zinachagua njia nyembamba?

Ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja, iliwataka watu wajaze maombi yao kupitia programu ya simu. Programu ilikuwa nzuri, ina picha, ina nembo inayozunguka. Watu wakaanza kumiminika dukani kwangu. Wa kwanza ana kitochi. Wa pili ana simu janja, lakini duka linamwambia kifaa chake hakioani na toleo hili. Wa tatu inakubali kupakua, ila memori imejaa picha za harusi ya mwanawe na hataki kufuta hata moja. Nilichofanya ndicho kinachofanywa na mafundi wote na wenye vibanda vya steshenari: nikatumia simu yangu. Nikaandika namba za kitambulisho cha taifa (NIDA) za watu nisiowajua, tarehe zao za kuzaliwa, majina ya watoto wao, na nywila ambazo niliwatungia mwenyewe kwa sababu walisema, “Weka yoyote tu, mwanangu.”

Tafakarini hilo. Nchi ina sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Lakini programu isiyofunguka kwenye simu ya mwananchi inamlazimisha ampe taarifa hizo fundi wa mtaani, karani asiye na kiapo wala kabati la kufuli. Mimi mnisamehe nikisema ni mwaminifu. Si busara kuijenga huduma ya umma juu ya uaminifu wangu. Kwa menyu ya nyota na reli yule mama angebonyeza mwenyewe, kwa namba yake iliyosajiliwa kwa alama ya kidole chake. Mtandao tayari unamjua. Hakuhitaji nywila ya kutungiwa.

Takwimu zenu wenyewe za kila robo mwaka zinaonyesha vitochi bado vingi kuliko simu janja. Na hata mwenye simu janja hapa pwani mara nyingi ana kitochi pembeni. Nahodha anayetoka Sahare kwenda kuvua usiku haendi na Infinix. Anakwenda na simu inayokaa na chaji siku kadhaa na ikiloa anaianika juani. Asiyekuwepo na lake halipo, walisema wazee, na mwenye kitochi hayupo kwenye kikao ambacho programu ya huduma inapangwa.

Sasa upande wa vijana, ambao ndio umenisukuma kuandika.

Binti mmoja katika darasa langu alitengeneza menyu ya bei za samaki. Unachagua mwalo, Deep Sea au Sahare au Kigombe, unachagua aina, changu, kibua, jodari, ngisi, unapata bei ya asubuhi hiyo. Ni kazi ndogo yenye faida kubwa, kwa sababu mvuvi anayejua bei akiwa bado majini anaweza kuchagua pa kushusha, na mchuuzi hapandishiwi bei kwa kutojua. Aliijenga kwenye uwanja wa majaribio wa Africa's Talking, kampuni ya Nairobi inayowapa wanaojifunza simu ya kuigiza kwenye kompyuta bila malipo. Ikafanya kazi vizuri. Akampelekea shangazi yake, anayeuza samaki, amwonyeshe. Shangazi akatazama, akabonyeza, akafurahi. Kisha akatoa kitochi chake kwenye khanga, akasema, “Haya, niwekee na humu.”

“Shangazi, bado iko kwenye kompyuta.”

“Sasa mimi niende na kompyuta ufukweni?”

Yule binti hakuwa na jibu, na mimi mwalimu wake sina. Kutoka kwenye simu ya kuigiza hadi kitochi cha shangazi kuna namba ya kuomba, ada ya kulipa, kampuni ya kusajili, na makubaliano na kila mtandao peke yake, kwa sababu menyu inayofanya kazi kwenye mtandao mmoja haifiki kwenye mwingine hadi mkubaliane nao. Binti huyu ana miaka 19. Akitaka kuingia duka la Google anahitaji dola 25 na watu 12. Akitaka kuingia mlango wa nchi yake mwenyewe anahitaji kwanza kuwa kampuni. Ndiyo maana vijana wanatengeneza programu za simu janja ambazo shangazi zao hawawezi kuzifungua. Hawajasahau watu wao. Huko ndiko walikoruhusiwa kuingia.

Ninachokiomba kwa TCRA, basi, ni hiki. Tengeni namba moja ya majaribio ya kitaifa, ya nyota na reli, inayogawanywa ndani kwa tarakimu za ziada ili maelfu ya wanaojifunza waitumie pamoja. Kijana asajiliwe kwa NIDA yake tu, bila kampuni. Wekeni kikomo: watumiaji mia kadhaa, miezi kadhaa, bila kugusa pesa za watu. Anayevuka kikomo hicho ndiye aambiwe sasa ni wakati wa leseni, kampuni na kodi, na atakuja akiwa na ushahidi kwamba kazi yake inatakiwa. Kwa mwenye biashara tayari, ada zote, zenu na za mitandao, zibandikwe hadharani mahali pamoja, kwa shilingi, ili mtu apige hesabu kabla hajauza pikipiki ya baba yake.

Na kuwe na lango moja la kufikia mitandao yote. Najua mtaambiwa haiwezekani kwa sababu kampuni hizi ni washindani. Zilikuwa washindani 2014 pia, na pesa zikavuka. Wakati ule zilikubali kukaa mezani. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 mlikuwa na uwezo wa kuzima simu bandia nchi nzima kwa mara moja. Januari 2020 mlikuwa na uwezo wa kufunga laini zisizosajiliwa kwa alama ya kidole. Uwezo wenu tunaujua vizuri sana, tumeuona ukifunga. Tunaomba tuuone ukifungua.

Kwa Mamlaka ya Serikali Mtandao ombi ni fupi zaidi. Programu ya huduma ya umma isipite ukaguzi wenu kama haina menyu ya nyota na reli kwa kazi zake za msingi: kuomba, kujua ombi limefika wapi, kupata namba ya malipo. Ile ya simu janja iwe nyepesi, ikubali Android za zamani, na Kiswahili chake kiwe kimeandikwa na mtu, kwa sababu ninazo programu kwenye simu yangu ambazo Kiswahili chake hakieleweki hadi uwashe Kiingereza. Na zile taarifa ambazo si siri ya mtu, bei za mazao na samaki, utabiri wa upepo baharini, vituo vya chanjo, ratiba, zitolewe kwa njia ambayo programu ya kijana inaweza kuzisoma yenyewe kutoka kwenye seva. Sasa hivi utabiri wa upepo unatufikia kama picha kwenye kundi la WhatsApp. Picha haisomwi na menyu, na nahodha wa Tongoni mwenye kitochi haioni kabisa. Kusi likipiga, yeye ndiye aliye majini.

Nimezisikia hoja za upande wa pili, na mbili zina uzito. Ya kwanza ni usalama: nyota na reli ni teknolojia ya zamani, maandishi yake hayalindwi kwa usimbaji wa kisasa, na matapeli wa “ile pesa tuma kwenye namba hii” hawalali. Ni kweli. Kwa hiyo msiweke humo majibu ya vipimo vya mgonjwa wa hospitali ya Bombo. Lakini mabilioni ya shilingi yanapita humo kila siku kwa ridhaa yenu, na bei ya kibua haihitaji ulinzi kuliko pesa.

Ya pili ni kwamba dunia inaelekea simu janja na siku moja kitochi kitaisha. Huenda. Lakini hata simu nyingi za 4G zinazouzwa leo, mtu akibonyeza nyota na reli, hushuka kwanza kwenye 2G au 3G, kwa hiyo siku mtakapoketi kupanga kuzima mitandao hiyo ya zamani, mtakuwa mnagusa pesa za kila Mtanzania, wa kitochi na wa simu janja. Kikao hicho kifanyike hadharani, na mapema, na mtushirikishe sisi tunaoshika bisibisi.

Kwa Jiji letu la Tanga sina ombi la leseni wala sheria. Mnao maafisa wa uvuvi kwenye mialo na watumishi sokoni Mgandini. Bei wanazozijua kila asubuhi ziandikwe mahali ambapo programu inaweza kuzisoma, kila siku, bila kusubiri mradi wa wafadhili. Yule binti yuko tayari kuwatengenezea karatasi ya kujazia, na ameniambia hatatoza kitu. Anachosubiri ni namba ya kuiweka menyu yake, ili apite Deep Sea alfajiri akaiweke kwenye simu ya shangazi yake na za wenzake wanaouza naye.

Wasalaam,

Fundi simu na mwalimu wa programu,
Ngamiani, Tanga.